Hamkuniuliza Maji Yalifika Wapi

Rumonge, mwezi umejaa

Mwanangu,

Sauti yako niliipata Jumapili nikaisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nacheka peke yangu uani, sikusikia hata neno. Kumbe wamekupa timu! Watu tisa chini ya mtoto niliyekuwa namtuma chumvi akarudi na nusu ya chumvi na hadithi mbili za njiani. Mara ya pili ndipo nikaisikia sehemu ya mwisho, pale uliposhusha sauti kama mtu anayeogopa chumba cha pili. Unasema kila Jumatatu unaongoza kikao, unaeleza, unauliza kama kuna swali, wanatikisa vichwa, mnafunga. Saa sita unawakuta chini ya mwembe wa ofisini wanayabishania yale yale, tena kwa makelele, tena wana majibu mazuri kuliko yako. Mara ya tatu nilisikiliza ili nijue kama ulikuwa unalia. Sikupata hakika.

Uongozi sikuusomea. Nilichofanya ni kuwa katibu, halafu mwenyekiti, wa kikundi cha wanawake wanaoanika ndagala, kwa miaka mingi kuliko ilivyonipasa, na katika miaka hiyo nimeharibu vikao vya kutosha kumfundisha mtu. Nafasi ya kuandika ninayo. Huko Bujumbura huenda mmesahau, lakini mwezi ukijaa ziwa zima linakuwa taa, ndagala hawana haja ya kufuata taa zetu. Katamarani zimelala mchangani wiki hii, wavuvi wanashona nyavu na kudaiana. Mwalo umetulia, hata mbwa wanashangaa.

Nianze na babu yako, maana wewe ulimkuta ameshakuwa mzee wa kukaa kivulini. Alikuwa nahodha. Uvuvi wetu unaujua: mitumbwi imeunganishwa kwa miti, taa zinaning'inia juu ya maji, wavu umeshushwa chini kabisa, halafu ni kusubiri. Saa moja, saa mbili, wakati mwingine hadi usiku wa manane. Ndagala wanapanda polepole kuufuata mwanga. Na anayewaona kwanza si nahodha. Ni kijana wa taa, mara nyingi mdogo kuliko wote chomboni, aliyelala kifudifudi pua yake inakaribia kulowa. Wavu ukivutwa mapema, umeinua maji matupu na mmewatawanya samaki waliokuwa njiani. Ukivutwa upande mmoja kabla ya mwingine, wote wanamwagika. Kwa hiyo neno la yule mtoto ndilo linalobeba chakula cha nyumba zote za waliomo.

Baba yako alikuwa kijana wa taa kwa babu yako kabla ya kwenda shule ya ufundi. Yeye ndiye aliyeniambia jambo hili, mimi mwanamke sikupanda chombo. Manahodha wengine walikuwa wanauliza, "Tayari?" Kijana ana baridi, ana usingizi, anamwogopa nahodha, atajibu nini? Atajibu tayari. Babu yako alikuwa anauliza, "Unaona nini?" Hapo huwezi kujibu ndiyo. Itabidi useme: wamekuja wachache upande wa kulia, au, maji yamekuwa meupe, au, sioni kitu, baba. Baba yako alisema swali hilo lilimtisha mwanzoni, kwa sababu lilimlazimu kutazama kweli.

Nilikuwa nimeisikia hadithi hii nikiwa msichana. Ungedhani ilinisaidia.

Sasa nikueleze kikao changu kibaya kuliko vyote, na usimsimulie mama yako, ameshanicheka vya kutosha kwa mengine. Zamani sisi sote tulianika chini, juu ya mchanga. Mnunuzi anatafuna mchanga pamoja na ndagala, mvua ikija usiku zinaoza, kuku na mbuzi wanakula sehemu yao. Huko kusini, Mvugo na Muguruka, upande wa Nyanza-Lac, FAO ilikuwa imeanza mwaka 2004 kuwafundisha watu kuanika juu ya vichanja vya waya, vilivyoinuka kutoka ardhini. Ndagala zinakauka juu na chini, zinang'aa, bei inapanda. Habari zilitufikia, na sisi tukavitaka. Tukapata watu wa kutusaidia waya na matofali, wakaja na mtaalamu wao na mchoro.

Kikao nilikiongoza mimi. Nilifungua kwa dua, nikamkaribisha mgeni, nikakaa. Mgeni akaeleza kwa Kifaransa, kijana mmoja akatafsiri kwa Kirundi, na kila maneno kumi yalitoka matatu. Mchoro ulionyesha vichanja karibu na maji, pale pana, ambapo kubeba kutoka kwenye mtumbwi ni hatua chache. Miaka hiyo ziwa lilikuwa limejivuta nyuma, ufuko ulikuwa mkubwa kama uwanja wa mpira. Mgeni akamaliza. Nikasimama nikauliza, "Kuna mwenye swali?" Kimya. Nikasubiri labda kama mtu anavyosubiri kupiga chafya. Nikaandika kwenye daftari: wanachama wote wamekubali. Daftari hilo ninalo mpaka leo, na mstari huo sipendi kuuona.

Mwaka 2021 maji yalilamba miguu ya vichanja vya mbele. Mwaka 2024 unaukumbuka, wewe mwenyewe ulikwama njiani ukija huku, mitaa ya chini ya mji wetu ilikuwa ziwani na watu wanahama na magodoro kichwani. Vichanja vyetu havikubaki. Waya tuliukuta umejikunja kwenye matete, matofali sijui yalikokwenda.

Kulikuwa na bibi mmoja kwenye kikundi, mkubwa kuliko sisi sote, ambaye kwenye kikao kile alikaa nyuma amekunja mikono. Nilikwenda kwake kumpa pole. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayetaja bei ya mihogo, kwamba mwaka 1964 maji yalifika mpaka kwenye mwembe, ng'ambo ile ya njia, na yeye alikuwa msichana, na walikuwa wanapanda mtumbwi mlangoni kwao. Mwembe wenyewe upo mpaka leo! Uko mbali juu ya mahali tulipojenga. Nikamwuliza, bibi, mbona hukusema siku ile? Akanitazama.

"Hamkuniuliza maji yalifika wapi. Mliuliza nani ana swali. Mimi sikuwa na swali."

Mwanangu, nilirudi nyumbani kwa miguu, sikupanda pikipiki, nilitaka njia iwe ndefu.

Kwa hiyo unaponiambia watu wako hawana maswali, ninakuamini. Hawana. Wana majibu, na hakuna aliyeyaomba. "Kuna swali?" linamgeuza kila aliyeketi pale kuwa mwanafunzi ambaye hakuelewa vizuri, na mtu mzima hapendi kuinua mkono kutangaza hilo mbele ya wenzake. Dereva wako anajua barabara ipi imekatika. Anayepokea simu anajua wateja wanalalamika nini kabla hujaandikiwa barua. Waulize kile wanachokijua, kwa namna ambayo ndiyo au hapana haitoshi. "Wiki iliyopita ulikwama wapi?" "Tukifanya hivi, nini kitaharibika kwanza?" Swali la pili hilo nilipoanza kulitumia kwenye kikundi, wanawake walifurahi mno. Kuharibika kwa mambo kila mtu ana ujuzi nako.

Halafu ukishauliza, nyamaza. Hili ni gumu kuliko kuuliza. Mimi najishika kidole gumba ndani ya ngumi na kuhesabu hadi ishirini kimoyomoyo. Mara nyingi kwenye kumi na tano hivi kuna anayekohoa, na anayekohoa ndiye atakayesema. Wakiendelea kunyamaza, wape dakika chache wazungumze wawili wawili kila mtu na jirani yake, kisha omba kila jozi ilete neno moja. Bibi yule asingesimama mbele ya mtaalamu kusema mchoro umekosea. Lakini jirani yake angemwambia, na jirani alikuwa mbeya, tungelijua wote kabla ya chai.

Na wewe usiseme wa kwanza. Shefu akishatoa maoni yake, yaliyobaki ni nyimbo za kuitikia. Ukiwa na wazo zuri sana linakuwasha, liandike kwenye karatasi, ulikalie.

Kuna jambo la lugha, na hapa nitakaa kidogo maana nadhani ndiko ugonjwa wenu uliko. Huku kwetu mtu anapatana bei kwa Kiswahili, anamlilia maiti wake kwa Kirundi, na anatia sahihi kwa Kifaransa. Kila lugha ina kiti chake. Uliniambia kikao unakiendesha kwa Kifaransa kwa sababu ripoti inaandikwa kwa Kifaransa. Basi tazama kinachotokea: mara tu lugha ya karatasi inapoingia chumbani, watu tisa wanapangika upya. Aliyesoma zaidi anapanda juu, mwenye kujua kazi zaidi huenda akashuka chini, na hakuna aliyewaambia wahame. Chini ya mwembe wanarudi kwenye lugha ya kubishana, na huko ndiko akili zao zilikobaki zikiwasubiri. Acha ripoti iwe ya Kifaransa, mazungumzo yawe ya lugha ambayo mtu angeitumia kukataa bei. Ila kuwa mwangalifu na kinachopotea katikati. Mtu anasema kwa Kirundi jambo lenye miiba, katibu analiandika kwa Kifaransa limekuwa laini kama ndizi iliyoiva. Siku hizi kabla ya kufunga kikao tunasomewa tuliyokubaliana, kwa lugha tuliyosemea, na aliyesema anasahihisha hapo hapo. Dakika tano tu. Nani atafanya nini, na lini, linasomwa pia, jina kwa jina, maana "tutafanya" haina mwenyewe.

Nilikuwa nawaonea wivu wenzetu wa Kigoma, soko na kikao vyote Kiswahili. Mpaka nilipohudhuria kikao chao kimoja, nikakuta nao wananyamaza mbele ya mkubwa vizuri kabisa. Kwa hiyo usiitupie lugha lawama zote.

Wewe ulisoma mambo ya bashingantahe, wale wazee wetu wa baraza, shuleni, lakini shuleni wanafundisha heshima tu, hawafundishi ufundi. Ufundi wao ulikuwa huu: mmoja anasema mpaka anamaliza, hakatizwi, mwenziwe anasema mpaka anamaliza, kisha wazee wanajitenga kando kushauriana wenyewe, na wakirudi wanarudi na neno moja. Hakuna aliyetoa hukumu papo hapo kwa hasira ya maneno ya mwisho aliyoyasikia. Kile kipindi cha kujitenga nakitamani kwenye kila ofisi. Jambo zito likijitokeza Jumatatu, una ruhusa ya kusema tutaliamua Jumatano. Nisichokitamani ni kwamba fimbo ile, intahe, ilikuwa mikononi mwa wanaume, na wanawake tuliokuwa tunajua nani alihamisha mpaka wa shamba tulikuwa jikoni tunapika chakula cha baraza.

Na wakubwa nao wanahangaika na haya haya. Mazungumzo ya Arusha ya kumaliza vita vyetu yalianza Juni 1998, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi. Pande zilifika kumi na tisa. Huwezi kuwaongoza watu wa pande kumi na tisa kwa kuwauliza kama kuna swali! Waligawanywa kwenye kamati, kila moja na jambo lake na mwenyekiti kutoka nje: Guebuza wa Msumbiji, aliyekuja kuwa rais kwao, alipewa ile ya chanzo cha mgogoro; padre Mwitaliano, Matteo Zuppi, ambaye sasa ni kadinali, alikuwa kwenye ile ya amani na usalama. Mwalimu alifariki Oktoba 1999 kazi haijaisha, akaja Mandela, mtu wa namna nyingine kabisa, aliyewakaripia viongozi wetu waziwazi mbele ya dunia. Walitia sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Tuliisikiliza redioni tumejaa chumba kizima, babu yako ameshika redio mapajani kama mtoto mchanga.

Na vita havikuisha. Wenye bunduki msituni, FDD na FNL, hawakuwa mezani. FDD walikuja kukubaliana na serikali mwaka 2003, na FNL walichelewa zaidi. Sikulaumu Arusha, bila karatasi ile pasingekuwa na pa kuanzia. Lakini tangu hapo, nikiitisha kikao, kabla ya kuhesabu waliokuja nahesabu wasiokuja. Kwenye ofisi yenu nani haitwi? Mlinzi? Yule binti wa usafi anayejua karatasi zipi zinatupwa hazijasomwa?

Sasa yule mzee wa mahesabu anayekukatiza. Ulisema unataka "kumweka mahali pake". Mahali pake ni miaka ishirini na tano ya kazi, na wewe umempita juu ukiwa na umri wa binti yake. Mwanangu, usipambane naye kikaoni, utashindwa hata ukishinda. Nenda mezani kwake siku moja kabla, umsalimie anavyostahili, umwambie kesho tunazungumzia hili, mzee wangu, wewe ulishaliona likifanywa, liliharibikia wapi? Atasema. Kesho yake kikaoni utamtaja: mzee ameniambia hivi. Sina hakika ataacha kukukatiza. Lakini atakukatiza kwa kuongeza, na hilo unaweza kuishi nalo.

Usinielewe vibaya ukadhani kiongozi ni mtu wa kuuliza tu. Kuna usiku babu yako hakuuliza mtu. Upepo wa ziwa hili hauji na barua. Alikuwa anapiga kelele moja: vuteni, na zimeni taa, na aliyetaka kujua sababu angeijua ufukweni. Ila ufukweni aliwaeleza kweli. Aliketi nao mchangani, akasema niliona wingu lile, nikaogopa hili, na waliodhani amewapotezea samaki bure walimwambia, na yeye alisikiliza. Baba yako anasema walikubali kupigiwa kelele usiku kwa sababu ya asubuhi hizo.

Kwa hiyo Jumatatu, kabla ya kufungua mdomo, jua jambo hili ni la aina gani, na uwaambie. Hili nimeshaliamua, nawaeleza sababu. Au, hili sijaliamua, nataka mnisaidie. Kibaya ni kuleta lililokwisha kuamuliwa na kulivika nguo za ushauri. Watu wananusa. Ukiwafanyia mara mbili, ya tatu watatikisa vichwa mpaka shingo ziwaume. Na samahani nikuulize, kama shangazi: je, yale unayowapelekea, huwa hujayaamua kweli?

Kundi lenu la WhatsApp liacheni liwe la kusema gari linaondoka saa ngapi, na siku hizi za kuhangaikia mafuta, kama linaondoka. Ujumbe wako wa saa nne usiku ulioniambia umewatumia "kuwakumbusha" uwe wa mwisho. Na mtu akikosea, mwite pembeni. Nilishawahi kumsema mwanamke mmoja kikaoni kwa ajili ya mzani wake, na nilikuwa na haki, mzani ulikuwa mwongo. Alihamia kikundi kingine na wateja wake wote, na bado tunasalimiana kwa mbali sokoni.

Vichanja vipya vimekwisha. Viko juu zaidi, kupita ule mwembe wa bibi, kubeba ndagala mpaka pale ni kazi, vijana wanalalamika kila asubuhi, na kusema kweli hata mimi nalalamika. Safari hii hatukuanza na mchoro. Tulitembea, kikundi kizima, na yule bibi mbele na fimbo yake ya kutembelea, anaonyesha: hapa palikuwa maji, hapa palikuwa tope, hapa mama yangu aliweka jiwe la kusagia likiwa kavu. Mtaalamu aliyekuja alikuwa mwingine, kijana mpole, akafuata nyuma anaandika. Ilichukua asubuhi nzima na tulichelewa chakula.

Nakutumia kidumu cha mawese kwa basi la Alhamisi, na mfuko wa ndagala za mwezi uliopita, zile za kichanja, hutatafuna mchanga. Mwambie kondakta asikiegemeze kidumu kwenye mizigo ya watu, mara ya mwisho kilivuja kwenye begi la askari na mimi ndiye niliyepigiwa simu. Kidumu nirudishie, ni cha jirani.

Na Jumatatu jioni nitumie sauti, uniambie mzee wa mahesabu alisemaje.

Shangazi yako